SALMONELA, SEHEMU YA 3: MSIMALIZIE LAWAMA JIKONI KWA MAMA

Mama zangu, sehemu ya 2 tuliongea kuhusu kunawa mikono, kuosha ubao wa nyama na kuivisha nyama mpaka ndani. Hayo yote bado yapo palepale. Ila leo nina hasira kidogo, mniwie radhi.

Mtoto akiletwa wodini anaharisha na homa juu, mama anaulizwa, "Umemlisha nini?" Hata mimi nimeshauliza hivyo. Hakuna anayeuliza nyama ilitoka banda gani.

Nguruwe mwenye salmonela mara nyingi wala haonekani mgonjwa. Anakula, ananenepa, anauzwa. Muhuri wa mkaguzi ni muhimu, lakini kijidudu hiki hakionekani kwa macho. Bila kupima, hakuna anayejua.

Sweden walijifunza kwa machozi. Mwaka 1953, nyama ya machinjio ya Alvesta iliwaugulisha watu karibu 9,000, na kama 90 wakafariki. Hawakuishia kuwafundisha akina mama kupika. Tangu 1961 wanadhibiti salmonela kwenye mifugo yenyewe, na ikionekana shambani, hatua zinachukuliwa.

Uingereza nao walianza kupima nguruwe mwaka 2002. Lakini uchunguzi wa Ulaya wa 2006 hadi 2007 ulikuta kama nguruwe 1 kati ya 5 waliochinjwa kule wana salmonela. Finland, ambako ikionekana shambani hawaiachii, hawakukuta hata mmoja.

Jamani, kupima peke yake si dawa! Nikipima homa ya mwanao, nikaandika kwenye faili halafu nikaenda kunywa chai, atapona?

Sasa huku kwetu kitimoto kipo kila kona, na tukiuliza kinachofanyika tunaambiwa semina imefanyika. Semina si jibu. Nguruwe wangapi wamepimwa? Maambukizi yamepungua? Watoto wangapi wameepushwa na kitanda cha hospitali? Kwetu salmonela ikiingia kwenye damu ya mtoto mwenye malaria au utapiamlo, inaua.

Na wewe usiyekula nguruwe, usipite. Kinyesi cha banda kinafika kwenye maji na kwenye mchicha.

Endeleeni kuosha ubao. Ila kwenye mkutano wa mtaa, mama, nyoosha mkono umuulize bwana mifugo maswali hayo matatu. Jiko letu tumeshalisafisha. Banda je?

Sehemu ya 4: dalili za kumkimbiza mtoto hospitali.