Tupac Amekufa, na Mbaraka Pia

Naandika kwa hasira, mhariri unisamehe.

Hapa Singida mjini, kaa dakika kumi kwenye kijiwe chochote cha bodaboda, utampata mshikaji wa kukuapia kwa mama yake mzazi kwamba Tupac Shakur yuko hai. Yuko Cuba. Amenenepa kidogo, anavuta sigara kubwa, anatucheki tu. Ushahidi? Eti alijiita Makaveli kwenye albamu iliyotoka Novemba 1996, miezi miwili baada ya kupigwa risasi Las Vegas, na eti yule Machiavelli wa Italia alifundisha watu namna ya kujifanya wamekufa. Nimewauliza ni nani kati yao amemsoma huyo Machiavelli. Kimya. (Naye alikufa 1527, na hajarudi.)

Wapo wanaoona ni utani wa kupitisha mchana. Mimi sioni utani. Tupac alikufa tarehe 13 Septemba 1996, akiwa na miaka 25. Mama yake, Afeni Shakur, aliishi karibu miaka 20 baada ya hapo, akazisimamia nyimbo alizoacha mwanawe, akafariki Mei 2016. Sasa wewe unayeapa, niambie: ni mtoto gani anamwacha mama yake alie miaka yote hiyo mpaka anaingia kaburini, yeye yuko ng'ambo anapunga upepo? Unadhani unamsifu, kumbe umemtukana tusi ambalo hata adui zake hawakumtukana. Na Septemba 2023 polisi wa Las Vegas walimkamata mtu kwa shtaka la kuhusika na mauaji yake. Shtaka la mauaji, jamani, siyo la kumficha mtu Cuba.

Tusijidai kwamba uvumi huu ni wa Wamarekani na Elvis wao. Sisi tuna msukule. Mtu mwenye jina akifa ghafla, kabla matanga hayajaanuliwa kuna mtu ameshasema "hajafa yule, amechukuliwa." Kule Afrika Kusini imani ya namna hiyo ilipata mteja. Mwimbaji wa Kizulu, Khulekani Khumalo, waliyemwita Mgqumeni, alikufa Desemba 2009. Mapema 2012 akajitokeza mtu Nquthu, KwaZulu-Natal, akasema yeye ndiye, alikuwa amefungiwa na misukule. Maelfu wakafurika kumwona mpaka polisi wakatumia maji kuwatawanya. Alama za vidole zikaonyesha ni mtu mwingine kabisa. Lakini wale maelfu hawakuwa wajinga. Walikuwa na kiu, na mjanja mmoja akaona kuna soko.

Soko hilo lipo hata hapa kwetu, tena halina haja ya uongo mkubwa hivyo. Nenda baa yenye muziki Jumamosi usiku. Kijana amevaa suruali bwanga, gitaa begani, anapiga Mbaraka Mwinshehe. Siyo kwamba anaimba wimbo wa Mbaraka, hilo halina kosa. Anakuwa Mbaraka. Anavuta sauti kama Mbaraka, anainamisha kichwa anavyodhani Mbaraka aliinamisha, na wazee wanamtunza noti wakipiga kelele "hajafa huyu!" Namfahamu mmoja wao, jina silitaji. Ana daftari la kaunta limejaa nyimbo zake mwenyewe. Upo mmoja kuhusu wanawake wanaochambua vitunguu barabarani, alinipigia kwenye kochi la shangazi yake nikakosa la kusema. Baa hajawahi kuupiga. Alipojaribu kuomba nafasi, mwenye baa alimjibu watu hawakulipa kiingilio kuja kumsikia yeye.

Hapo ndipo donge langu lilipo. Anayesema marehemu yuko hai na anayemvaa marehemu wanafanya kazi moja: wote wanakilinda kiti kisikaliwe.

Na Mbaraka mwenyewe angewashangaa. Mnakumbuka alianzia wapi? Morogoro, mji uliokuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, jina lililotikisa nchi. Salum akafa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka alikuwa na miaka 21, yuko Morogoro Jazz, bendi pinzani, mji ule ule. Angeweza kulivaa koti la marehemu, wateja wangekuwepo tele. Hakulivaa. Alipiga gitaa lake, akaenda na wenzake Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya 1970, na 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 naye akafa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, hajatimiza miaka 35.

Wanaompenda kweli nina kazi ya kuwapa, haihitaji suruali bwanga. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inahesabu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. 1979 jumlisha 50 ni 2029. Maana yake kiingilio cha Jumamosi kina fungu la warithi. Nimeuliza wapigaji watatu kama kuna aliyewahi kuona mtu akililipa. Walicheka.

Na sisi waandishi tusicheke sana. Nimepitishiwa miswada ya wenzangu wa hapa mkoani, na Willy Gamba ametokea mara nne kwa majina manne, bastola ile ile, warembo wale wale. Marehemu Musiba (aliyeitwa Elvis kati, sikumpa mimi jina hilo) alimtunga Willy Gamba bila kuomba ruhusa ya mzimu wa mtu. Mmoja wa hao wanne anakaa Ikungi, amezaliwa katikati ya alizeti, baba yake ana kesi ya shamba mwaka wa sita sasa. Kwenye mswada wake hakuna alizeti hata moja. Nimemrudishia. Nimemwambia aanze na ile kesi.