Mzee Ojwang' hakuwa Mjaluo

Jioni za Keringet unazijua: baridi kali, chai moto, na hakuna pa kwenda. Kabla hujamaliza bando kwa tamthilia mpya za ng'ambo, hebu tafuta Vitimbi ya zamani ya KBC kwenye YouTube.

Najua utasema picha ni mbovu. Ni kweli. Lakini ngoja dakika tano tu. Mzee Ojwang' aanze kulalamika, Mama Kayai amkate kauli, na utajipata unacheka peke yako kama mwehu.

Sasa fikiria hili. Huyo mzee wa Kijaluo tuliyempenda alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Lafudhi aliishika barabara hadi wengi wakaamini ndiyo yake. Alipofariki 2015, alililiwa na Wakenya wa kila kabila.

Hapa kwetu Kuresoi, hilo si jambo dogo. Katika ghasia za 2007 na 2008, jina na lafudhi vilitosha kukufukuzisha kwako. Sisemi kipindi cha runinga kingezuia moto ule, hakikuzuia. Lakini kilituonyesha kwamba lafudhi ya jirani inaweza kuchekesha bila kutisha, na kwamba mtu anaweza kuivaa kwa upendo.

Kwa hivyo, msee, usitazame peke yako. Wikendi hii mwalike jirani ambaye jina lake halifanani na lako. Bando litoke kwako, chai itoke kwake.