Maji yafike wodini
Mto Ngerengere unashuka kutoka Uluguru, unaingia bwawa la Mindu, kisha unapita hapa kwetu kwenda kuungana na Ruvu. Lakini mama anayejifungua usiku wa manane anahitaji maji yanayotoka bombani, wodini. Anayeyategemea maji hayo, msimamizi wa kukinga maambukizi hospitalini, hasifiwi sana, maana kazi yake ikienda vizuri hakuna kinachoonekana. Mtazame lakini: anainama kukagua sanduku la sindano, likijaa robo tatu analifunga. Anasimama kando ya sinki na kuhesabu, kwa kuwa kunawa kwa sabuni ni sekunde 40 hadi 60: viganja, katikati ya vidole, na kidole gumba, ambacho wengi wetu hukisahau. Daktari Semmelweis alionyesha Vienna mwaka 1847 kwamba kunawa mikono huokoa akina mama wanaojifungua, wenzake wakambeza. Sisi tulikumbushwa kwa uchungu Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera na mhudumu wa afya akawa miongoni mwa waliofariki. Ndugu zangu madiwani, mkikaa kupanga bajeti ya zahanati na vituo vya afya, andikeni kwanza maji, sabuni na glavu.