Madawati Tumeyapokea, Sasa Tusomeeni Hesabu

Siku ya kukabidhiwa madawati tuliambiwa tufike saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba na nusu. Watoto walikuwa wamepangwa mistari miwili kando ya njia tangu kengele ya kwanza, na wimbo walioufanyia mazoezi wiki nzima waliuimba koo zikiwa zimekauka. Turubai 3, viti vya plastiki vya kukodi, spika 2 kubwa, magari 6. Madawati yenyewe yalikuwa 40, mapya, kila moja limepigwa chapa ya kampuni mgongoni. Mwalimu mkuu akasoma risala, mwenyekiti wa kijiji akashukuru, diwani akashukuru, kisha akaitwa mzazi mmoja ashukuru kwa niaba ya wazazi. Picha zikapigwa. Saa tisa mwenye turubai alikuwa anafungua kamba zake.

Hatusemi madawati ni mabaya. Mtoto aliyekuwa akiandika huku daftari amelilaza gotini sasa ana mahali pa kuliweka, na kwa hilo tulishukuru kwa moyo. Kinachotukera ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Darasa yalimoingizwa halina sakafu, ni udongo mtupu, na mvua za Machi zilipoingia miguu ya mbao ikaanza kulowa na kulegea. Hatua chache kutoka hapo lipo boma la zahanati tulilolijenga kwa nguvu zetu. Kila kaya ilileta tofali 100. Kina mama walibeba maji kutoka bondeni, vijana wakachimba msingi, boma likafika kwenye lenta, likasimama hapo. Leo ndani yake imeota minyonyo mirefu kupita mlango. Barua ya kuomba bati tulikwisha kuiandikia kampuni hiyo hiyo. Ilipita kwa mtendaji wa kijiji, ikapita kwa mtendaji wa kata, ikagongwa mihuri yote. Jibu lake likaja madawati.

Fundi wetu, mzee ambaye hakuna nyumba kijijini asiyoijua paa lake, alikaa pembeni siku ile akapiga hesabu ya turubai, spika, viti, pilau, mafuta ya magari na posho. Alipomaliza alisema upande mmoja wa paa la zahanati ungekuwa umekwisha. Mama mjamzito wa kijiji hiki bado anapakiwa kwenye bodaboda usiku, shemeji yake amekaa nyuma kumshikilia asianguke.

Jina la kampuni hatulitaji, kwa sababu shida hii haina kampuni moja. Simulia kisa hiki Nyakanazi au Lusahunga, Kasulo au Rulenge, utakuta mtu anakukatiza akumalizie mwenyewe.

Sisi watu wa Ngara na Biharamulo hatukuanza jana kupokea wageni. Benaco, jina ambalo dunia nzima ililisikia mwaka 1994, ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyokuwa ikijenga barabara. Kampuni ilimaliza kazi ikaondoka, jina likabaki. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia mauaji ya Rwanda, na wengi wao wakatua pale Benaco. Tuliwapisha mashamba, miti yetu ikageuka kuni zao, visima vyetu tukachota pamoja. Radio Kwizera, ambayo mpaka leo tunaisikiliza tukiwa shambani, ilizaliwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi hao. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli kuna mengi mema yaliyoletwa na wageni. Lakini miaka ile ya magari meupe yenye nembo milangoni ilituachia mazoea mabaya: kila gari lenye nembo likisimama tunapiga makofi kabla hatujajua limeleta nini. Mkimbizi alihitaji msaada, akapewa msaada. Kampuni inayochimba ardhini kwetu, au inayopitisha mali yake mlangoni kwetu usiku na mchana, haiko kwenye kazi ya huruma. Iko kwenye biashara, na biashara ina wajibu.

Wajibu huo kwa upande wa madini umeandikwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini kinamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, akubaliane na halmashauri ya eneo husika, na mpango huo ufuate vipaumbele vya wenyeji. Halmashauri nayo imepewa kazi tatu: itunge mwongozo, isimamie utekelezaji, ielimishe wananchi juu ya miradi hiyo. Mwaka 2023 zikaja na kanuni zake. Soma tena ile kazi ya tatu. Kutuelimisha si hisani ya ofisa yeyote. Kumo ndani ya sheria.

Kwenye majukwaa, hata hivyo, tunasikia mambo matatu yakichanganywa katika sufuria moja. Kuna fidia, ambayo ni malipo ya shamba, migomba na nyumba ya mtu anayehamishwa. Kuna ushuru wa huduma, sehemu ndogo ya mauzo ghafi, ambao kampuni inailipa halmashauri kama inavyolipa kodi nyingine. Halafu kuna huo mpango wa jamii. Msemaji akisimama akavijumlisha vyote akaviita "tulichowapa wananchi", anayejua tofauti ananyamaza kwa adabu, na asiyejua anapiga makofi. Bibi aliyelipwa fidia ya kahawa yake hakupewa kitu. Ameuza, tena bei hakuipanga yeye.

Biharamulo wanajua uchungu wa jambo hili kwa sababu wameuona mgodi ukikua na kuzeeka. Tulawaka ilitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2005, chini ya kampuni iliyokuwa tawi la Barrick. Mwaka 2013 ikauzwa kwa STAMICO, shirika la umma, na leo ni STAMIGOLD. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka ule wa dhahabu ya kwanza alikuwa hajamaliza kidato cha nne mgodi ulipobadilisha mikono. Hivyo ndivyo umri wa mgodi ulivyo mfupi. Mradi wa jamii ukicheleweshwa miaka miwili kwa vikao na barua, tayari robo ya miaka ile 8 imekwenda.

Ngara wao wamengoja kinyume chake. Nikeli ya Kabanga imekuwa ikichunguzwa tangu miaka ya 1970. Wamepita Sutton Resources, Barrick, Xstrata, Glencore, kila mmoja na mashine zake za kuchoronga, na babu zetu waliobeba sampuli za mawe wamezikwa bila kuona tani moja ikisafirishwa kwenda sokoni. Januari 2021 serikali ilisaini makubaliano yaliyoanzisha Tembo Nickel, serikali ikiwa na hisa asilimia 16 na mwekezaji asilimia 84, na Oktoba mwaka huo ikatolewa leseni maalumu ya uchimbaji. BHP wakaingia kwa fedha zao mwaka 2022, na mwaka 2025 wakatoka. Kiwanda cha kusafishia madini kimepangwa Kahama, ulikokuwa mgodi wa Buzwagi. Hatuna ugomvi na Kahama, nao ni Watanzania. Ila shimo litakuwa kwetu, na wenye hisa wanabadilishana katika miji ambayo hatutaifikia. Ndiyo maana ahadi ya mdomo ya meneja haitutoshi: akihamishwa, anaondoka nayo. Iandikwe kwenye mpango wa mwaka, isainiwe, ibandikwe.

Jirani zetu wa Geita wametutangulia hapo. Mwaka 2018 mpango wa mgodi wao wa dhahabu ulitajwa hadharani kuwa Sh 9.2 bilioni, fedha za kugawanywa kati ya halmashauri ya mji na ya wilaya. Watu walibishana sana juu ya fedha zile, wakauliza bei ya saruji, wakauliza nani kapewa kazi. Walibishana kwa sababu waliijua namba. Sisi tutabishania nini, na namba hatujaisikia?

Tena, kampuni zisizochimba madini hazibanwi na kifungu hicho cha 105. Za simu, za benki, za kununua mazao, za malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, zote zinatoa zikipenda, na mara nyingi zinachagua kinachopendeza kwenye picha. Tuchukue malori. Madereva wanalala kando ya barabara, hakuna choo, hakuna bomba. Uchafu unateremkia kwenye vijito ambamo watoto wetu wanachota maji. Halafu mwenye malori anatuletea jezi na mipira miwili. Tunaipokea, vijana wanaicheza, kijito kiko vile vile.

Kwa maoni yetu, wajibu wa kwanza wa kampuni uko ndani ya biashara yake yenyewe. Nunueni maharage, ndizi na mayai hapa hapa, na mama aliyeleta trei za mayai alipwe mwezi huo huo, asizungushwe mpaka mtaji ufe. Vijana wetu wenye vyeti vya VETA wasiishie kwenye kufyeka na kulinda geti. Mwagieni maji barabara ya vumbi mnayoipita. Kampuni ikitenda hayo hata bila turubai wala mgeni rasmi, tutaisifu sisi wenyewe, na sifa ya mwanakijiji inafika mbali kuliko bango.

Ombi letu ni moja, wala halihitaji sheria mpya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau kila miezi mitatu, na humo tunasomewa mapato na matumizi. Basi tusomeeni na ukurasa wa makampuni: nani aliahidi nini, shilingi ngapi, fundi ni nani, kazi imefika wapi. Ofisa wa kampuni awepo, akae kwenye benchi pamoja na sisi, ajibu maswali. Na kabla mpango wa mwaka ujao haujafungwa, tuulizwe kwanza.

Kwa kijiji chetu jibu lipo tayari. Boma la zahanati linahitaji bati 96 za geji 28, mbao za kenchi na misumari. Barua iko kwa mtendaji, na mihuri yote imekwisha kugongwa.