Fundi wa kubofya ni fundi wa nini?

Leo sina salamu ndefu. Nina hasira, na kwa kuwa gazetini mhariri huzikata hasira zangu kabla hazijafika kwa msomaji, nimezileta hapa.

Mwaka jana niliandika habari iliyonichukua wiki saba. Ilihusu wanakijiji wa mkoa wa Pwani waliopisha mradi na hadi siku ile walikuwa hawajaiona fidia. Nilipanda mabasi, nikala vumbi, nikakusanya nakala za barua walizoandika bila kujibiwa. Habari ikatoka Jumatatu. Saa mbili asubuhi tovuti ya gazeti ikageuka karatasi tupu. Nyeupe pee! Habari yangu haipo, ya mwenzangu haipo, hata matangazo ya vifo hayapo.

Jioni akanipigia mzee mmoja wa kijiji kile. Mjukuu wake alikuwa ameifungua habari alfajiri kwenye simu. Mchana wakakusanyana chini ya mwembe ili isomwe kwa sauti, wakakuta patupu. Mzee hakufoka. Aliniuliza taratibu: "Mwanangu, wamekupa shilingi ngapi uifute?"

Hivi ningemjibu nini? Kwamba ni tatizo la kiufundi? Nchi hii kila anayeficha kitu husema ni tatizo la kiufundi.

Sasa sikilizeni ukweli wenyewe, maana ndio ulionitia wazimu. Kampuni inayotutunzia tovuti ilimtuma fundi. Akafungua cPanel, ule ubao wa vitufe unaotumika kuendeshea seva, akaanza kubofya. Akabofya Jumatatu, akabofya Jumanne. Kila nilipomuuliza alinijibu, "Kaka, mbona huku kila kitu ni kijani?" Na kweli kilikuwa kijani. Ubao ulimwambia kwamba Apache iko hai na hifadhidata iko hai. Tovuti tu ndiyo iliyokufa.

Kwa wasiojua, kati ya mashine na ukurasa unaousoma kuna programu za kati. Apache inapokea ombi lako, PHP inaendesha msimbo wa tovuti, hifadhidata inatoa habari ilikohifadhiwa. Mipangilio ya programu hizi imeandikwa kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida, ambayo mtu anayejua kusoma anaweza kuyasoma. Ubao wa vitufe ni ngozi tu iliyovishwa juu yake. Ukibofya, wenyewe unakwenda kuandika kwenye faili kwa niaba yako.

Kuna mtu alikuwa ameingia kwenye ubao huo, akafungua orodha ya matoleo ya PHP, akaitoa 5.6 na kuweka 8. Nia yake ilikuwa njema, kwani 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018. Lakini msimbo wa tovuti yetu ni wa zamani, na unaita hifadhidata kwa amri ya mysql_connect. Amri hiyo iliondolewa tangu PHP 7.0 ilipotoka Desemba 2015. Kwa hiyo kila msomaji alipofungua ukurasa, PHP ilikutana na amri isiyoijua, ikakata kauli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba seva ilikuwa inasema. Kwenye faili la kumbukumbu za makosa, kila aliyejaribu kufungua tovuti aliacha malalamiko yale yale, yakiitaja mysql_connect kwa jina. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo alikuja Jumanne usiku, akalifungua faili hilo, akasoma, akacheka. Haikuzidi dakika tano. Tukarudi kwa muda kwenye toleo la zamani, msimbo ukaandikwa upya baadaye. Dawa ilikuwa kwenye orodha ile ile iliyoleta ugonjwa! Fundi hakuigusa kwa sababu hakujua nini kimebadilishwa, na aliyebadilisha hakuandika popote.

Najua mtakachosema. "Acha kujifanya mjuaji, vitufe vimetusaidia." Ni kweli vimesaidia. cPanel ipo tangu 1996, Webmin tangu 1997, na watu wengi wenye duka dogo au gazeti la mtaani wasingepata tovuti kama ingewalazimu wajifunze Linux kwanza. Mwenye duka abofye, ruksa. Ninayemshitaki ni yule anayelipwa kwa jina la ufundi. Dereva wa kawaida akitazama taa za dashibodi tu, sawa. Fundi wa gereji akikuambia gari ni zima kwa sababu taa haijawaka, utampa gari lako tena?

Na vitufe vina tabia tatu ambazo wauzaji hawazitaji.

Kwanza, kubofya hakuachi maandishi ya kueleweka. Faili unaweza kulinakili kabla ya kuligusa, ukalinganisha la jana na la leo, ukaandika kwa nini umebadilisha, mwenzako akakagua. Gazetini habari haitoki bila jicho la pili. Kwa nini seva inayobeba habari hizo hizo iguswe na mtu mmoja bila shahidi?

Pili, ubao una wivu. Ukiwa na cPanel halafu ukaandika kwa mkono moja kwa moja kwenye faili kuu la Apache, siku ubao utakapolijenga upya faili hilo marekebisho yako yanafutika. Kuna mahali maalumu pa kuweka ya kwako, lakini lazima uwe umesoma ili ujue. Asiyesoma anarekebisha leo, wiki ijayo tatizo linarudi, anasema seva ina mashetani.

Tatu, na hili ni la hatari, mlango wa kukurahisishia wewe unamrahisishia na mwizi. Agosti 2019 ilibainika kwamba baadhi ya matoleo ya Webmin yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri na mtu aliyeingilia kompyuta yanakotengenezewa. Oktoba 2020 Oracle ilitoa kiraka cha WebLogic, programu ya kati inayotumiwa na taasisi kubwa duniani. Tundu lilikuwa kwenye ubao wake wa vitufe, na mshambuliaji angeweza kuiteka seva bila nywila. Oktoba 2024 ikawa zamu ya CyberPanel. Maelfu ya seva zilizouacha ubao huo wazi kwa dunia nzima zikavamiwa, mafaili yakafungwa kwa ajili ya kudai fidia. Hizo ni nyumba ambazo mwizi alipitia mlango wa mbele.

Tena kuna pesa. Mwaka 2019 cPanel ilibadilisha bei, kutoka kulipia seva hadi kulipia idadi ya akaunti zilizomo. Wenye seva zilizojaa wateja wakapiga kelele dunia nzima, lakini fundi asiyejua lolote nje ya ubao anaondokaje? Analipa, kisha bili inamfuata mteja.

Sisemi tung'oe vitufe. Nasema anayeitwa fundi ajue kitufe kinaandika nini, wapi, na akisome. Ajue faili la makosa liko wapi kabla hajajua rangi ya kijani iko wapi. Kila badiliko liandikwe, na lijaribiwe pembeni kabla ya kugusa tovuti ya watu. Ubao usiwe wazi kwa kila mpita njia wa intaneti. Na sisi tunaolipa tuyaweke haya kwenye mkataba, maana tumezoea kuuliza bei tu.

Habari yangu ilirudi hewani Jumanne usiku. Siku ya tatu nilimpigia mzee nikamweleza kuhusu matoleo na amri iliyofutwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya mwanangu, nimesikia." Hakusema ameamini. Tangu siku hiyo hajanipigia tena.

Nawasilisha.