HIRIZI YA DUARANI INAKUKINGA NA NANI?



Ndugu yangu unayenisoma ukiwa Runzewe, au kwenye machimbo yoyote ya Geita na Kahama, nakuuliza: hiyo hirizi unayofunga kiunoni kabla ya kushuka duarani, inakukinga na nani?

Maana mganga haanzi na kinga, huanza na adui. Atakwambia dhahabu yako imefungwa, na aliyeifunga ni mtu wa karibu: mwenzako wa duara, mama mkwe, au bibi jirani mwenye macho mekundu. Uliingia kwake unaogopa kukosa mali, unatoka unaogopa watu. Na yale macho, wallahi, Usukumani tunajua yanatoka wapi: ni moshi wa miaka mingi jikoni, wa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe. Vikongwe wameuawa kwa moshi huo!

Kinga isipofanya kazi, mganga hakiri. Husema dawa inataka kitu kikubwa zaidi. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikikaa Kahama, iliwahukumu kunyongwa watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya yetu hii, wakati huo ikiwa Mkoa wa Shinyanga. Serikali ilifuta vibali vya waganga mwaka huohuo, ikapiga marufuku tena 2015. Sheria ya Uchawi ipo tangu 1928. Mteja ndiye hajaacha.

Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alitaja madhambi 7 yenye kuangamiza. La kwanza shirki, la pili uchawi, la tatu kuua nafsi. Hebu tazama yalivyofuatana, kisha tazama machimboni kwetu.

Utasema, "Sheikh, yangu ina Qur'ani ndani." Wanazuoni wamekhitilafiana hapo, mimi niko na waliokataza. Lakini wewe umejuaje? Uliwahi kuifungua? Ngozi imeshonwa, na unaingia nayo chooni.

Kinga unayo. Ayatul Kursiy ukilala. Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas mara 3 asubuhi na mara 3 jioni. Hulipi hata shilingi. Na zingatia hili: Al-Falaq inakukinga na hasidi bila kukutajia jina lake. Ukimaliza kuisoma, jirani yako bado ni jirani yako.

Halafu yupo yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake, akaambiwa amfunge kisha amtegemee Allah. Duarani, kamba ya ngamia ni miti ya kuzuia kuta na hewa ya kutosha chini. Hela ya mganga inunue miti hiyo.

Kama unaogopa kuivua hirizi peke yako, na wapo wengi wanaoogopa, nenda nayo msikitini leo baada ya Isha. Mwambie imamu, uivue mbele yake, mzisome hizo sura pamoja. Kesho ukifika duarani, kagua miti kwanza, kisha Bismillah, ushuke.

Wabillahi tawfiq.