Nusu Asilimia Hadi 2030

Tarehe 27 Agosti 2030 Katiba ya Kenya itatimiza miaka 20, na kifungu chake kimoja kitakoma kufanya kazi bila mtu yeyote kukifuta. Ni kifungu cha 204, kilichounda Mfuko wa Usawazishaji. Kinaagiza kwamba kila mwaka nusu asilimia ya mapato ya taifa iwekwe kando kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma, mpaka wakazi wake wahudumiwe, kadiri inavyowezekana, kama Wakenya wengine. Kisha kinajipa miaka 20. Bunge lina uwezo wa kuongeza muda huo, na mjadala unakaribia. Wako watakaosema Mfuko umepewa nafasi ya kutosha na hauna cha kuonyesha, kwa hiyo ufe kwa amani. Hoja hiyo, kwa maoni yangu, imesimama juu ya hesabu mbovu, ingawa watetezi wa Mfuko nao wana maswali wasiyopenda kuulizwa.

Tuanze na deni lenyewe. Mandera, Marsabit na Turkana hazikubaki nyuma kwa sababu ya jua kali peke yake. Serikali ya kikoloni ilizifunga wilaya za kaskazini, ikataka mtu awe na kibali ndipo aingie au atoke. Baada ya uhuru, vita vya kaskazini vya mwaka 1963 hadi 1967 vilileta sheria za hali ya hatari ambazo wakazi wa Kaskazini Mashariki waliishi nazo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1965, serikali changa ilichapisha Waraka wa Bunge Namba 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliotoka katika zama za Tom Mboya kwenye wizara ya mipango. Waraka ulisema waziwazi kwamba mtaji upelekwe mahali utakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme; tija itakayopatikana huko ndiyo itakayowafaa wengine baadaye. Kwa mchumi wa siku zile hesabu ilikuwa na mantiki. Kwa mfugaji wa Wajir, maana yake ilikuwa kwamba hatajengewa barabara kwa sababu hana barabara. Watu wa kaskazini walizoea kusema wanasafiri "kwenda Kenya" wakati wanaelekea kusini mwa Isiolo, na lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika miaka kadhaa baada ya Katiba mpya kuanza kutumika.

Kwa hiyo Mfuko si hisani. Ni marejesho, tena madogo. Ila hata hayo madogo yalilipwa vipi?

Zaidi ya miaka minne ilipita kabla ya mwongozo wa kuutumia kuchapishwa mwaka 2015. Mwongozo huo ukakabidhi bodi ya kitaifa usimamizi wa miradi ya maji na zahanati, kazi ambazo Katiba imezipa kaunti. Magavana wakaenda mahakamani, na Novemba 2019 Mahakama Kuu ikaubatilisha. Kanuni mpya zikaja mwaka 2021. Kufikia hapo nusu ya umri wa Mfuko ilikuwa imekwisha, na sehemu kubwa ya muda huo ilikwenda katika kubishana nani ashike kalamu ya kutia sahihi. Nikiri kwamba magavana walikuwa na haki kisheria. Lakini aliyekuwa akingoja maji kule Tana River hakupata tone moja kutokana na ushindi wao.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana kwa sababu linachosha: nusu asilimia ya mapato yapi? Katiba inataka yatumike mapato ya hesabu za mwisho zilizokwisha kukaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha hesabu, Mfuko unakokotolewa kwa mapato ya zamani. Mgao wa mwaka wa fedha wa 2023/24 ulipimwa kwa mapato ya 2019/20, shilingi bilioni 1,573, na nusu asilimia yake ni takriban bilioni 7.9. Wakati huohuo mapato ya kawaida ya serikali yalikuwa yamevuka trilioni 2. Uzembe wa kamati za Bunge, ambao hakuna anayeandamana kuupinga, ulizikata jamii zilizotengwa zaidi ya bilioni 2 kwa mwaka mmoja. Halafu fedha zinazoandikwa kwenye bajeti hazitoki zote. Hazina Kuu imerundika malimbikizo ya makumi ya mabilioni ambayo Mfuko unadai tangu uanzishwe.

Anayesema Mfuko umeshindwa basi atuambie ni Mfuko upi, kwa sababu ule ulioandikwa katika Katiba haujawahi kutekelezwa hata kwa miaka mitano mfululizo.

Hata hivyo siwezi kuishia hapo kama watetezi wengi wanavyofanya. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja miradi iliyokwama kati ya ile iliyopata fedha. Na pingamizi kubwa zaidi ni la ugatuzi wenyewe. Tangu 2013 kaunti za kaskazini zimekuwa zikipokea mgao wa kawaida ambao hazikuwahi kuuota. Turkana, yenye watu 926,976 kwa sensa ya 2019, imekuwa kila mwaka kati ya kaunti chache zinazopata fedha nyingi kuliko zote, sambamba na Nairobi. Mwaka 2020 Seneti ilikwama kwa wiki nyingi kwa sababu ya fomula ya kugawa fedha, na wanasiasa wa maeneo yenye watu wengi wakaja na wito wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Mlipa kodi wa Kiambu ana haki ya kuuliza kwa nini, juu ya mgao huo, kuwe na mfuko mwingine tena.

Jibu langu ni kwamba kilomita za mraba zaidi ya 68,000 za Turkana hazipungui kwa sababu fomula imezisahau. Mwalimu, dawa na lori la maji husafiri mwendo uleule. Mgao wa kawaida unalipa mishahara na kuendesha huduma zilizopo. Haukukusudiwa kujenga kwa muongo mmoja kile ambacho sehemu nyingine za nchi zilijengewa kwa miongo sita. Lakini pia, na hili viongozi wa kaskazini hulikwepa, kaunti iliyopokea zaidi ya bilioni 10 kwa mwaka ina wajibu wa kueleza kwa nini hospitali zake za rufaa hazina wataalamu huku majengo ya utawala yakipanda. Mfuko wa Usawazishaji usigeuzwe kuwa pazia la kuficha mgao mkubwa zaidi.

Kiini cha utata kiko kwingine. Katiba imezungumzia vitu viwili kana kwamba ni kimoja. Kifungu cha 260 kinaeleza jamii iliyotengwa: wachache wa idadi, wawindaji na warina asali, wafugaji wanaohamahama na wale waliotulia mbali na wenzao. Hao ni watu. Lakini kifungu cha 204 kinapeleka huduma kwenye maeneo, na kifungu cha 216 kinaitaka Tume ya Ugavi wa Mapato iandae sera ya kuyatambua maeneo hayo. Sera ya kwanza ya Tume ilichagua kaunti 14: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Pokot Magharibi, Tana River, Narok, Kwale, Garissa, Kilifi, Taita Taveta, Isiolo na Lamu. Ilikuwa orodha rahisi kueleweka, na yenye mapengo ya wazi. Kwa mujibu wake, maskini wa Lamu alihesabika hata akiishi jirani na hoteli ya kitalii, na Mogiek, wa jamii ya wawindaji wa Msitu wa Mau, hakuhesabika akiwa upande wa Nakuru.

Sera ya pili, ya mwaka 2018, ilijaribu kuziba mapengo kwa kushuka chini ya kaunti. Ikapata maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kitaalamu ni hatua mbele. Kifedha ni balaa. Chukua zile bilioni 7.9 uzigawe kwa maeneo 1,424: kila moja linapata kama milioni 5.5. Kwa fedha hizo utachimba kisima kirefu chenye pampu ya sola na matangi, ukibahatika kuyapata maji. Barabara huigusi. Na mfugaji akihama ng'ombe wanapokosa malisho, kisima hakimfuati, wala zahanati.

Vipimo vyenyewe navyo vina walakini. Sensa ya karibuni zaidi wakati sera hiyo inaandaliwa ilikuwa ya 2009, ileile ambayo waziri wa mipango aliyakataa matokeo yake katika wilaya 8 za Turkana, Wajir, Mandera na Garissa, mzozo ukaishia mahakamani. Huwezi kumpima kwa usahihi mtu ambaye hamjakubaliana kama yupo.

Kesi ya Waogiek inaonyesha mwisho wa njia hii ya maeneo. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao katika Msitu wa Mau. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, fedha ziingie katika mfuko wa maendeleo wa jamii hiyo, na ardhi yao irejeshwe kwa hati ya pamoja. Angalia mpangilio wa mahakama: fedha na ardhi zilikwenda pamoja, na mlengwa alikuwa jamii, si kata. Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa kwa nguvu huko Sasimwani, Narok. Narok ilikuwa katika orodha ya kwanza ya kaunti zilizotengwa. Unaweza kuijengea zahanati kata nzima ya Mau na bado usiwe umewafikia watu hawa, kwa sababu mgonjwa atakuwa amefukuzwa kabla daktari hajaripoti kazini.

Serikali ikiamua, inajua kumfuata mtu badala ya mahali. Mpango wa kukabiliana na njaa ulioanza kama majaribio kwa msaada wa Uingereza uliziandikisha kaya za Turkana, Mandera, Wajir na Marsabit, ukawa unazilipa shilingi 5,400 kila miezi miwili kupitia akaunti za benki. Una kasoro zake, ucheleweshaji ukiwa wa kwanza, na shilingi 2,700 kwa mwezi hazimtoi mtu kwenye umaskini. Lakini mpokeaji akihama, haki yake inahama naye. Wahandisi wa Mfuko wa Usawazishaji hawakuona sababu ya kujifunza kutoka humo, pengine kwa kuwa fedha ya mkononi haina jiwe la msingi la kuzindua.

Ningependa sheria ya kuongeza muda iruhusu sehemu ya fedha ilipie huduma zinazotembea: kliniki za magari, mafuta ya pampu, mshahara wa muuguzi aliyezaliwa hukohuko. Ningependa pia jamii ndogo zisizo na kaunti yao, kama Waogiek na Wasengwer, zitengewe fungu lisilopitia orodha ya maeneo kabisa. Lakini mapenzi yangu hayapigi kura Seneti, na hapo ndipo hesabu inapovutia.

Kuongeza muda wa Mfuko kunahitaji zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa, na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Kaunti 14 za sera ya kwanza, hata zikisimama kama mtu mmoja, zinapungukiwa na 10. Kaunti 34 za sera ya pili zinavuka mstari kwa nafasi kubwa. Kule kusambaza fedha kulikozifanya kuwa nyembamba ndiko kunakoweza kuuokoa Mfuko, kwa sababu seneta ambaye kaunti yake ina hata maeneo matatu katika orodha ana sababu ya kunyanyua mkono. Atakayezirudisha fedha zote kaskazini kwa jina la haki anaweza kujikuta na sera safi na Mfuko uliokufa.

Njia iliyobaki ni kubakisha kaunti 34 ndani huku uzito wa fedha ukitofautiana sana, eneo la Mandera lipate mara kadhaa ya lile lililoko karibu na barabara kuu. Maseneta wa kaunti zenye maeneo machache watapiga kelele. Waachiwe fungu dogo la uhakika, lisilochelewa, na kwa kubadilishana walazimishe Bunge kuidhinisha hesabu za mapato kila mwaka. Kwa shilingi iliyohesabiwa vizuri hata fungu dogo linakua. Mazungumzo ya aina hiyo yanahitaji miezi, na uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utameza mwaka mzima wa muda uliosalia.